Sikio la Nje: Daka la Nyumba ya Usikivu

Mtu abishaye hodi katika nyumba ya mawe ya mji wa kale wa Lamu haingii moja kwa moja mpaka ndani. Kwanza husimama penye daka, yaani ukumbi mdogo wa mbele wenye mabaraza ya kukalia. Mlango ukifunguliwa huingia tekani, na hapo njia hupinda, ili mpita njia asiweze kuona mambo ya ndani. Baada ya kupinda ndipo afikapo kiwanda, ule uwanja wa nyumba ulio wazi juu. Waashi wa kale walijenga hivyo kwa makusudi: mgeni apokewe kwa heshima, na wakati huohuo wenye nyumba wakae salama.

Sikio la binadamu limejengwa kwa namna inayofanana sana na hiyo. Sehemu ionekanayo kando ya kichwa ndiyo daka lake. Huipokea sauti itokayo mbali na kuielekeza mlangoni. Kisha kuna njia nyembamba iliyopinda, na mwisho wa njia hiyo pana kiwambo kilichowambwa kama ngozi ya ngoma. Daka, njia na uso wa nje wa kiwambo ndivyo viitwavyo sikio la nje. Sikio la kati lina vifupa vitatu vidogo sana, na sikio la ndani ndilo lenye kugeuza mitetemo ya sauti kuwa habari za kupelekwa katika ubongo.

Watu wengi hudhani kwamba sehemu ya nje ni pambo tu, na kwamba kazi yake ni kubeba dhahabu au kushika miwani. Dhana hiyo imewaletea wengi maumivu, na wengine imewapotezea usikivu. Kwa hiyo yafaa kila mzazi, kila mvuvi na kila fundi wa kutoga masikio aijue nyumba hii ilivyojengwa: ni wapi panapoweza kuvumilia sindano, ni wapi pasipoweza, na ni wapi pasipotaka kitu chochote kutoka kwetu.

Sehemu za sikio la nje

Msomaji akitaka kuyafahamu maneno haya vizuri, na ashike sikio lake mwenyewe kwa vidole viwili. Huko juu ataona ukingo uliokunjika, unaoanzia mbele karibu na shavu, ukapanda, ukazunguka nyuma na kushuka chini. Ndani ya ukingo huo mna tuta la pili lenye kufuata mzunguko uleule. Katikati mna bonde lenye kina, mfano wa kikombe kidogo cha kahawa. Mbele ya tundu pana kinundu kigumu, kama kifuniko. Ukikisukuma kwa kidole, tundu huziba na sauti za nje hupungua. Chini kabisa ndipo penye ncha laini, mahali ambapo wanawake wa Pwani hutogwa tundu liitwalo ndewe.

Sasa na alikunje sikio lake. Sehemu ya juu yote itakunjika na kurudi mahali pake mara moja, kwa sababu ndani yake mna gegedu, kitu kigumu kuliko nyama na laini kuliko mfupa. Gegedu la sikio lote ni kipande kimoja tu kilichofinyangwa makunjo hayo. Lakini ncha ya chini haina gegedu hata kidogo. Ni mafuta na nyama laini iliyofunikwa na ngozi, nayo ina mishipa ya damu kwa wingi. Tofauti hii ya juu na chini ni jambo kubwa kuliko yote katika habari za kutoga masikio, na itaelezwa mbele.

Sikio huanza kutengenezwa mtoto angali tumboni mwa mamaye. Katika juma la sita hivi, vilima vidogo sita hutokea kila upande, chini kabisa, karibu na mahali patakapokuwa shingo. Vilima hivyo hukua, huungana, na polepole hupanda mpaka usawa wa macho. Mara chache vilima hivyo haviungani sawasawa. Ndiyo maana watu wengine huzaliwa na kitundu kidogo mbele ya sikio, jambo ambalo huonekana sana miongoni mwa watu wa Afrika na Asia, na kwa kawaida halina madhara isipokuwa likiingia usaha. Na mara chache zaidi mtoto huzaliwa na sikio dogo lisilotimia, au bila sikio la nje kabisa upande mmoja.

Mtoto wa namna hiyo asifichwe ndani, wala mama asilaumiwe kwamba alitazama kitu kibaya alipokuwa mja mzito. Mara nyingi sikio la ndani la mtoto huyo ni zima, ila sauti haina njia ya kulifikia. Viko vyombo vinavyopitisha sauti katika mfupa wa kichwa, na mtoto akipimwa mapema aweza kujifunza kusema kama wenzake. Tena mwaka 1959 daktari wa upasuaji wa Marekani, Radford Tanzer, alieleza namna ya kuchonga sikio jipya kwa gegedu la ubavu wa mtoto mwenyewe, na kazi hiyo imeendelezwa na madaktari wengi tangu hapo. Mtoto aliyefichwa hapati hata moja katika mambo haya.

Majasi na vipuli

Katika visiwa vya Lamu, sikio limekuwa mahali pa heshima kwa muda mrefu. Zamani binti alitogwa masikio angali mdogo. Katika ncha laini, ndewe ilipanuliwa kidogo kidogo kwa kutia vipande vya mti au karatasi iliyokunjwa, hata ikaweza kubeba jasi, ambalo ni pambo la mviringo la fedha au dhahabu. Katika ukingo wa juu yalitobolewa matundu mengine ya kutilia vipuli. Masonara wa Pwani walipata sifa kwa ustadi wa kuyafua mapambo hayo, na atakaye kuona kazi ya vito na fedha ya Waswahili wa kale aweza kuitazama katika Makumbusho ya Lamu, katika nyumba kubwa ya ufuoni iliyokuwa zamani makao ya maofisa wa serikali ya kikoloni.

Hapana sababu ya kuidharau desturi hii. Lakini mtu aipendaye desturi hana budi kuijua hatari yake, ili aifuate kwa akili.

Ncha laini ikitobolewa kwa sindano safi, hupona upesi kwa sababu damu hufika kwa wingi. Damu ndiyo ichukuayo chakula na askari wa mwili wa kupigana na vijidudu. Gegedu la juu si hivyo. Halina mishipa ya damu ndani yake. Hulishwa na utando mwembamba ulioshikamana nalo pande zote. Utando huo ukitenganishwa na gegedu, ama kwa usaha ama kwa damu iliyovilia baada ya pigo, gegedu hukosa chakula na kufa. Likifa halioti tena. Sikio husinyaa na kujikunja kama jani lililokauka, na hubaki hivyo maisha yote. Mabondia wengi wa nchi za mbali wana masikio ya namna hiyo kwa sababu ya mapigo yasiyotibiwa.

Kwa hiyo mtu aliyetogwa ukingo wa juu na kuona sikio limekuwa jekundu au jeusi zaidi, limevimba, lina moto na linauma, asingoje. Iko alama moja ya kumsaidia: kama uvimbe umeenea juu kote lakini ncha laini ya chini haikuvimba, basi yaelekea kwamba ugonjwa umo katika utando wa gegedu. Hilo ni jambo la kupeleka hospitali siku ileile. Mafuta ya nyumbani hayatoshi, na hata dawa za vidonge zisifanywe za kubahatisha, maana kijidudu kinachopenda sana mahali hapo hakiuawi na kila dawa.

Hatari ya pili ni kovu. Kwa watu wengine, na hasa watu wenye ngozi nyeusi, kovu halikomi kukua baada ya jeraha kupona. Huendelea kuota mpaka likawa kinundu kikubwa kuliko jeraha lenyewe, kigumu na chenye kuwasha. Madaktari hukiita keloidi. Si saratani, wala si laana, wala hakiambukizi. Lakini kukikata tu hakutoshi, kwa kuwa mara nyingi hurudi, na pengine kikubwa kuliko kwanza. Daktari hutumia sindano za dawa au kukibana pamoja na kukikata. Mtu ambaye mama yake, ndugu zake au yeye mwenyewe amewahi kuota kovu la namna hiyo, yafaa afikiri mara mbili kabla ya kuongeza tundu lingine.

Hatari ya tatu ni sindano yenyewe. Sindano moja iliyotumiwa kwa watoto watano katika shughuli moja yaweza kuchukua ugonjwa wa ini au virusi vya Ukimwi kutoka damu ya mmoja hadi ya mwingine. Kila mtoto na awe na sindano yake mpya. Tena mtoto mchanga asitogwe kabla ya kupata zile chanjo ambazo katika Kenya hutolewa akiwa na majuma 6, 10 na 14, kwa maana miongoni mwazo imo kinga ya pepopunda, ugonjwa uwezao kuingia hata katika kitundu kidogo chenye uchafu.

Mwisho, herini nzito zisivaliwe wakati wa kulala wala wakati wa kumnyonyesha mtoto apendaye kuvuta. Ncha laini ni laini kweli, huchanika. Ikichanika yaweza kushonwa na daktari, lakini ni afadhali isichanike.

Kazi ya makunjo

Mtu aweza kuuliza: ikiwa kazi ya sikio la nje ni kukusanya sauti, kwa nini lisiwe laini kama faneli? Makunjo yote haya ni ya nini?

Jibu lake lapatikana vizuri katika vichochoro vya Lamu. Njia za mji ni nyembamba sana, na tangu zamani mizigo imebebwa na punda. Mpita njia anapotembea, sauti humjia mbele na nyuma, juu madirishani na chini mlangoni. Mtu mwenye masikio mazima hujua mara moja ya kuwa punda yuko nyuma yake naye anakuja mbio, wala hahitaji kugeuka ndipo ajitenge.

Kulia na kushoto hujulikana kwa sababu masikio ni mawili. Sauti huenda kiasi cha mita 340 katika sekunde moja. Ikitoka kulia, hufika sikio la kulia kwanza, na kufika la kushoto baada ya muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ubongo huupima muda huo mdogo usiosemeka. Lakini sauti ikitoka nyuma kabisa, au juu kabisa, hufika masikio yote mawili kwa wakati mmoja, na kipimo hicho hakifai tena. Hapo ndipo kazi ya makunjo. Kila sauti ipigapo katika tuta na bonde la sikio hubadilika kidogo, kwa kadiri ya mahali itokapo, na ubongo umejifunza tangu utotoni kuyasoma mabadiliko hayo.

Jambo hili lilithibitishwa wazi mwaka 1998 na wataalamu wa Nijmegen, Uholanzi. Waliyajaza mabonde ya masikio ya watu wachache kwa vipande maalumu, bila kuziba tundu. Watu hao waliendelea kusikia, tena waliendelea kutambua kulia na kushoto, lakini walipoteza uwezo wa kujua kama sauti imetoka juu au chini. Baada ya majuma kadhaa ubongo wao ulijifunza sura mpya ya masikio, na uwezo ukarudi. Vipande vilipoondolewa, waliona kwamba hawakuisahau sura ya kwanza. Basi makunjo ya sikio ni kama mwandiko, na kila mtu husoma mwandiko wake mwenyewe.

Punda naye amepewa njia nyingine. Masikio yake ni marefu, na kila moja lina misuli mingi ya kuligeuza. Atazamwe punda aliyesimama kivulini ufuoni: sikio moja laelekea kwa bwana wake, na la pili limegeukia mashua inayoshusha mizigo. Binadamu pia anayo misuli mitatu ya sikio kila upande, lakini ni dhaifu, na wachache tu waweza kuyatikisa masikio yao. Kwa kuwa hawezi kuligeuza sikio, hugeuza kichwa, na makunjo humsaidia katika mengine.

Njia ya sikio nayo ina kazi katika kusikia, mbali na kupitisha. Kwa mtu mzima urefu wake ni kiasi cha sentimita 2.5. Kama vile zumari la urefu fulani litoavyo sauti fulani kwa nguvu zaidi, ndivyo njia hii iongezavyo nguvu za sauti zenye mitetemo karibu 3,000 kwa sekunde. Katika eneo hilo mna sehemu kubwa ya sauti zinazotofautisha neno na neno, na ndimo pia kilio cha mtoto mchanga chenye nguvu nyingi. Mtu aliyepungukiwa na eneo hilo husema, "Nasikia watu wakinena, lakini sielewi wanenalo." Asidhaniwe kuwa mjinga au mwenye kiburi, apelekwe kupimwa.

Wazee mara nyingi hutaniwa kwa ukubwa wa masikio yao. Utani huo una ukweli. Mwaka 1995 James Heathcote, daktari wa Uingereza, alitangaza matokeo ya kupima masikio ya watu 206 wenye umri wa zaidi ya miaka 30, na akaona kwamba kwa wastani sikio huongezeka urefu wa milimita 0.22 kila mwaka. Kwa miaka 50 hiyo ni zaidi ya sentimita moja. Lakini kukua kwa daka si kukua kwa usikivu, na mzee mwenye masikio marefu aweza kuwa ndiye anayehitaji kusemeshwa polepole na kwa adabu.

Nta si uchafu

Sehemu moja ya tatu ya njia, upande wa nje, imezungukwa na gegedu. Sehemu mbili za ndani zimezungukwa na mfupa, na ngozi yake ni nyembamba sana. Katika ile ya nje ndimo mna vinyweleo na vitezi vya kutoa nta. Watu wengi huiona nta hiyo kuwa uchafu, nao huona aibu wasipoiondoa kila juma. Sivyo. Nta hunasa vumbi na wadudu, huzuia maji yasiilowanishe ngozi, na uchachu wake huwadhoofisha vijidudu.

Tena njia ya sikio hujisafisha yenyewe. Ngozi ya mwili mzima huchakaa na kupukutika mahali ilipo, lakini ngozi ya kiwambo na njia ya sikio husafiri. Huanzia katikati ya kiwambo, ikatambaa polepole kuelekea nje, na kuichukua nta pamoja nayo mpaka mlangoni, ambapo hudondoka au kuoshwa wakati wa kuoga au kutawadha. Kutafuna na kusema pia husaidia kuisukuma.

Sasa mtu achukuapo njiti ya kibiriti, unyoya wa kuku, pini ya nywele au kijiti chenye pamba, hufanya nini? Kidogo hukitoa, na kingi hukisukuma ndani, kupita mahali ambapo ngozi ingeweza kukirudisha. Siku baada ya siku nta hushindiliwa mpaka ikawa kizibo, na mtu huyo huanza kulalamika kwamba hasikii. Pengine huikwaruza ngozi nyembamba ya ndani na kufungua mlango wa vijidudu. Na mara nyingine, akisukumwa kiwiko na mtoto anayecheza, hukitoboa kiwambo, ambacho upana wake ni kama sentimita moja na unene wake ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita.

Baadhi ya watu hukohoa wanapochokonoa sikio, nao hustaajabu. Sababu ni kwamba tawi la mshipa wa fahamu ushukao mpaka kooni na kifuani hufika pia katika njia ya sikio. Kikohozi hicho na kichukuliwe kuwa onyo la mwenye nyumba.

Kama nta imeziba kweli, zahanati ina njia za kuilainisha na kuitoa. Kazi ya nyumbani ni kufuta daka tu kwa kitambaa chenye maji.

Bahari na sikio

Watu wa visiwa huishi na maji, na maji yana maneno yake na sikio. Maji yakikaa katika njia ya sikio kwa muda mrefu, na hasa katika hewa ya joto na unyevu kama ya Pwani, ngozi hulainika na vijidudu hustawi. Ndipo hutokea ule ugonjwa wa waogeleaji: sikio huwasha, kisha huuma sana, na njia huvimba. Ili kuutambua, sukuma kile kinundu cha mbele au vuta sikio kwa upole. Maumivu yakizidi, yaelekea ugonjwa umo katika sikio la nje, nao watibiwa kwa matone yatolewayo na mganga. Lakini usaha ukitoka wenyewe kwa muda mrefu bila maumivu hayo, pengine kiwambo kimetoboka na ugonjwa umo katika sikio la kati. Hilo ni zito zaidi, na usaha wa namna hiyo kwa mtoto usizoewe kana kwamba ni kamasi. Mtoto huyo huenda shuleni asisikie mwalimu asemalo, na huitwa mvivu bure.

Atokaye baharini na ainamishe kichwa upande huu na upande huu, maji yatoke, kisha akaushe nje kwa nguo. Inatosha.

Wazamiaji wana hatari nyingine. Wavuvi wa kamba mawe wa Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, hujua jinsi masikio yanavyobanwa mtu anaposhuka. Katika kina cha mita 10 mgandamizo huwa mara mbili ya ule wa juu ya maji, na mabadiliko makubwa zaidi kwa kadiri yake hutokea katika mita chache za kwanza. Maji huusukuma uso wa nje wa kiwambo, na kama hewa ya sikio la kati haikuongezwa, kiwambo huvutwa ndani na mwisho hupasuka. Mzamiaji hupaswa kubana pua na kupuliza taratibu tangu mwanzo wa kushuka, kabla maumivu hayajaanza. Wala asipulize kwa nguvu nyingi. Akihisi maumivu apande juu kidogo. Mwenye mafua asizame. Na asizibe masikio kwa nta au mpira wakati wa kuzama, kwa sababu hewa iliyofungiwa kati ya kizibo na kiwambo haiwezi kusawazishwa, na kizibo chenyewe husukumwa ndani.

Baadhi ya vijana huona kwamba kupasuka kwa kiwambo ni kuhitimu kazi. Hiyo ni fikira ya hatari. Kiwambo kikipasuka chini ya maji, maji baridi huingia sikio la kati, na mtu hushikwa na kizunguzungu hata asijue juu wala chini. Amekufa mtu kwa jambo kama hilo bila papa wala wimbi. Akinusurika, vipasuko vingi hupona vyenyewe kwa majuma kadhaa, kwa sharti sikio likae kavu kabisa. Arudiaye maji kabla ya kupona hujitafutia usaha wa daima na uziwi.

Watoto na vitu vidogo

Watoto hupenda kutia vitu masikioni: kunde, shanga, kokoto, punje za mahindi. Mzazi asijaribu kuvitoa kwa kibano au ndoano ya nywele, maana mara nyingi huvisukuma mpaka penye mfupa, mahali pembamba zaidi. Mbegu isitiwe maji, kwa kuwa hufura na kukaza. Kama ni betri ndogo ya mviringo, ile ya saa au ya kitu cha kuchezea, mtoto apelekwe hospitali saa ileile, wala sikio lisitiwe kitu chochote. Betri hiyo huunguza nyama kwa muda mfupi sana.

Mdudu aliye hai ni jambo la pekee. Huyo humtesa mtu kwa kelele na kukwaruza. Mgonjwa na alazwe ubavu, atiwe matone machache ya mafuta safi ya nazi yenye uvuguvugu, na mdudu hufa au huelea. Lakini mafuta yasitiwe katika sikio lenye usaha wala lile lijulikanalo kuwa na kiwambo kilichotoboka. Mdudu asipotoka, zahanati itamtoa.

Dawa za matone zinapoamriwa, njia iliyopinda yafaa inyooshwe kwanza. Kwa mtu mzima sikio huvutwa juu na nyuma. Kwa mtoto mdogo huvutwa chini na nyuma. Kisha mgonjwa alale ubavu dakika chache, dawa ifike ndani badala ya kumwagika shingoni.

Mambo haya yote ni madogo, wala hayahitaji fedha nyingi. Hata hivyo, hasara ya kuyapuuza si ndogo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2021 kwamba zaidi ya watu milioni 1,500 wana upungufu wa kusikia wa kiasi fulani, na kwamba milioni 430 kati yao wanahitaji msaada. Likaonya kwamba ifikapo mwaka 2050 wenye upungufu waweza kuwa karibu milioni 2,500. Miongoni mwa sababu zake, nyingi kwa watoto zaweza kuzuiwa. Tarehe 3 Machi ya kila mwaka imewekwa iwe siku ya kukumbushana habari hii.

Wahenga walinena kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Maneno yao ni kweli kwa mtu mkaidi asiyeshaurika. Lakini masikio mengi yanayokufa visiwani na barani si ya wakaidi. Ni ya watoto ambao hakuna aliyewaambia wazazi wao kwamba usaha si jambo la kawaida, ni ya mabinti waliotobolewa gegedu kwa sindano chafu, na ni ya vijana waliofundishwa kuzama kabla ya kufundishwa kubana pua. Masikio hayo yangesikia dawa kama ingeletwa mapema.

Basi mwenye binti wa kutogwa na anunue sindano mpya, na achague ncha laini. Mwenye mtoto atokwaye na usaha na ampeleke zahanati kesho asubuhi. Na mwenye njiti ya kibiriti mkononi, na aitumie kuwashia taa.